Mama Alikaa Njiani

Safari ya pwani aliitaka mama mwenyewe, na mimi nikafurahi, nikadhani amekubali.

Alhamisi nesi wa zahanati alikuja nyumbani, akakaa kwenye ndoo tuliyompindulia, akamweleza mama kwa ile sauti ya taratibu wanayoitumia wakiwa na habari mbaya. Figo zimechoka. Zimekwisha kabisa, tuseme ukweli. Jumatatu asubuhi ndege ndogo itatua kwenye kiwanja chetu imchukue hadi mjini Darwin, kwenye mashine ya kusafisha damu, na huko ndiko atakakoishi. Mama alisikiliza yote huku akimkuna mbwa wake masikio. Hakuuliza swali hata moja, naye ni mtu wa kuuliza bei ya kila kitu hata asichonunua.

Nilimsindikiza nesi hadi kwenye gari lake, na hapo ndipo aliponimalizia. Kiti cha mashine ni kimoja, na kimepatikana kwa shida. Mama asipotokea Jumatatu, kiti anapewa mgonjwa mwingine, na mama anarudishwa nyuma ya foleni. "Na foleni yenyewe, Noreen," akasema huku akiangalia funguo zake, "kwa hali aliyonayo, sioni kama ataimaliza." Nikarudi ndani, neno hilo nikalimeza.

"Basi nipelekeni Wurrpula kwanza," mama akasema. "Nikavue. Nikale samaki taa wa kwetu, na ini lake. Huko hospitali najua watanishindilia mkate mweupe na maharage ya kopo."

Wurrpula ni pwani ya ukoo wake. Hakuna mtu angeweza kumkatalia. Ijumaa mchana mume wangu Desmond alikuwa ameshapakia maturubai, magodoro, mikuki, nyavu, deli la barafu na unga wa mkate. Mama akapanda nyuma, mgongo kwa dereva, na katikati tukatundika shuka.

Hiyo shuka msiishangae. Desmond na mama hawasemezani, na si kwa ugomvi, ni heshima. Kwetu mwanamume hamtazami mama wa mkewe usoni, hatamki jina lake, hakai naye kivuli kimoja, na akimkuta njiani ni yeye anayeingia porini mpaka mama mkwe apite. Mama naye ni mtu wa utu, akimwona kwa mbali anakohoa mapema ili mkwe apate nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu nimekuwa posta. Maneno yanatoka huku, yanapita kwangu, yanakwenda kule, hata kama wote wawili wamesikia.

"Mwambie dereva wako hajabeba kuni," mama akasema tulipoingia kwenye njia ya mashimo.

"Mwambie nimesikia," Desmond akasema.

"Hujasikia kitu," nikamjibu. "Nimekuambia mimi. Punguza mwendo."

Binti yetu Tamika akacheka mpaka akapaliwa na maji. Nilijisemea moyoni, tazama, tunacheka, itakuwa sawa.

Jumamosi ilikuwa siku njema, na ndiyo iliyoanza kunitia wasiwasi. Desmond aliwachoma taa wawili kwa mkuki kwenye maji mafupi. Nikawachemsha, nikakamua nyama, nikaifinyanga na ini mpaka ikawa madonge yenye kung'aa mafuta. Fungu la kwanza likaenda kwa mama, kama ilivyo desturi. Mkwe halambi hata kidole kabla mama wa mkewe hajapata lake. Mama alikula donge moja, akalisifu kwa kelele nyingi, lililobaki akamtupia mbwa nilipogeuka. Nilimwona. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na akisimama anapumua kama ametoka kubeba maji.

Lakini hakutulia. Alimkokota Tamika huku na huko akimwonyesha: hapa ukichimba unapata maji matamu, pale chini ya mti ule alizikwa dada yangu, usipakanyage, kule kwenye miamba ukifika uite kwa sauti wazee wakujue. Mambo mengine nilikuwa hata mimi sijawahi kuambiwa. Nilikaa nikakoka moto, roho inanipanda. Alikuwa anagawa vitu vyake huyu.

Jioni nikamfuata chini ya mivinje alikotandikiwa godoro, upande wa pili wa kambi, mbali na Desmond.

"Mama, begi lako halijafungwa."

"Lina nini la kufunga? Gauni mbili."

"Jumatatu utapanda ndege?"

"Nikiiona nitaipanda."

"Mama, mimi si mtoto."

"Basi usiulize vya kitoto." Akanikata jicho, kisha akalegea. "Dulcie alipanda. Unamkumbuka Dulcie? Alipanda anapunga mkono. Alirudi ndani ya sanduku, na sanduku limekazwa skrubu, hata uso hatukuonyeshwa. Mpaka leo sijui kama ni Dulcie tuliyemzika au mzungu mmoja."

"Dulcie alichelewa. Wewe hujachelewa."

"Huko nitakaa kwenye kochi na sindano mkononi, nikiangalia ukuta. Nani ataniita kwa jina langu la kwetu? Wewe una kazi, mtoto ana shule."

"Utakuwa hai!"

Nilipiga kelele mpaka Desmond kule kwenye moto akageuza kichwa, akakumbuka, akakirudisha upesi. Mama akajifunika shuka. Mazungumzo yakaishia hapo, na mimi sikupata usingizi wa maana. Nilimchukia usiku ule, niseme tu. Nilimchukia kwa sababu nilikuwa nikimhitaji, naye anajadili kufa kwake kama mtu anayechagua upande wa kulalia.

Jumapili tulipanga kuondoka mchana, tufike nyumbani mapema, mama aoge, apumzike, asubuhi awe kiwanjani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, maana ilikuwa bamvua. Desmond akasema atashuka na gari ufukweni hadi kwenye rasi, avue kolekole wawili watatu, awaweke kwenye barafu.

"Tuna samaki wa kutosha," nikamwambia.

"Hawa ni wa yule wako." Ndivyo anavyomwita mama. "Aende nao Darwin. Wiki ya kwanza asile vya kopo."

Akashuka na gari kupitia kilango. Wurrpula imezungukwa na matuta ya mchanga marefu, na gari hupita mahali pamoja tu, mwanya mwembamba kati ya matuta mawili. Pembeni zote ni mikoko. Mimi na Tamika tukachukua vikapu tukaenda nyuma kwenye tope kutafuta kaa. Mama tulimwacha chini ya mvinje wake na mbwa, Sajini.

"Narudi sasa hivi," nikamwambia.

"Usiharakishe," akasema. "Kaa hawakimbizwi."

Tulichelewa kidogo. Tamika alikuwa amebanwa kidole na kaa, akalia, tukacheka, tukaosha jeraha. Kule kwenye mikoko upepo wa baharini hauingii na sauti haziingii pia. Tulipotoka, kambi ilikuwa tupu. Godoro la mama liko pale, yeye hayupo. Nikaangusha kikapu. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa mamba.

Tukamwona kwenye kilango. Alikuwa ametandika blanketi katikati kabisa ya njia ya gari, amekaa, miguu ameinyoosha, mgongo kwa bahari, anasokota tumbaku yake. Sajini amelala pembeni. Na kule chini, ng'ambo ya mama, maji yalikuwa yamerudi.

Gari lilikuwa limesimama mguuni mwa tuta, limegeuziwa pua upande mwingine ili dereva asimwone mama. Desmond alikuwa nje amechuchumaa nyuma ya gurudumu kama mwizi. Povu la bahari lilikuwa linalamba matairi. Nilielewa kabla sijaambiwa. Alirudi kutoka kwenye rasi, akamkuta mama amekaa njiani. Kumpita hawezi. Kumwomba asogee hawezi. Kupiga honi je? Honi ile ingekuwa inampigia nani kama si mama mkwe? Akangoja nirudi. Akasogeza gari juu kadiri alivyoweza, mchanga mlaini ukameza magurudumu ya nyuma, na bahari ikaendelea kuja.

"Mama! Unafanya nini hapo?"

"Nimekaa. Mtu mzima siku hizi haruhusiwi kukaa?"

"Ondoka! Gari linazama!"

"Upepo hapa mzuri." Akalamba karatasi ya sigara. "Kule kwenye mvinje kuna sisimizi."

"Ulijua hatapita."

Hakuona haya hata kidogo. "Mume wako ana adabu," akasema. "Ningepata mkwe mshenzi, leo ningekuwa na safari."

Nikamshika mkono nimvute. Alikuwa mzito, mwili umejaa maji, na akapiga ukelele wa maumivu ulioninyong'onyeza mikono. Tamika akaanza kulia, "Bibi, tafadhali, bibi." Nikamwacha. Nikashuka mbio hadi kwa Desmond.

"Washa gari upite pembeni yake! Panatosha!"

"Hapatoshi."

"Desmond, ni gari letu! Redio imo humo! Simu imo humo!"

"Nimpitie yule wako ubavuni, nimrushie mchanga usoni?" akasema. "Halafu niishi wapi, Noreen? Nimwangalie nani?"

"Kwa hiyo afe?"

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vyetu. Akaangalia baharini muda, maana pale si mahali pa kusimama majini bila kuangalia, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akapanda tuta kinyumenyume. Kinyumenyume kabisa, uso kwa bahari, anapapasa mchanga kwa visigino, mpaka akafika karibu kuliko alivyowahi kufika tangu anioe. Hapo akasimama, akapiga mluzi. Sajini akaamka akaenda kwake.

"Sajini," Desmond akasema, "wewe sikiliza, ndiye mwenye akili hapa."

Mama alishtuka mpaka sigara ikamdondoka. Akavuta blanketi akajifunika kichwa.

"Sitaki mtu ahame alipokaa," Desmond akaendelea. "Pwani ni ya kwao. Na gari ni bati tu. Lakini nina swali, Sajini. Mimi kila nikivua, fungu la kwanza najua linakwenda wapi. Simwoni anayelila, lakini najua ameshiba, na nikijua ameshiba na mimi nakula. Sasa mtu huyo asipokuwepo, fungu la kwanza nilipeleke wapi? Nilitupe?"

Mbwa alikaa, akajikuna. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sajini," mama akasema hatimaye, sauti imekwama kwenye kitambaa, "mwambie huyo anayeongea na bahari kwamba taa wa jana aliiva kupita kiasi."

"Alipika Noreen, Sajini."

"Ah. Basi mwambie Noreen." Akapumua. "Na muulize, huko Darwin kuna bahari?"

"Ipo. Tena iko karibu."

"Na samaki?"

"Wapo, Sajini. Na mimi nitakuwepo. Nitahamia huko nikavue, kama ni kwenye daraja pamoja na walevi, nitavua. Fungu litamfuata popote anapokwenda. Hatakula vya kopo."

Blanketi lilitikisika. Nilidhani anacheka, kumbe analia. Mama yangu sikumwona akilia hata siku ya kumzika baba. Akafunua uso, akajipangusa kwa kiganja kama mtu anayefukuza nzi.

"Ninyanyueni," akatuambia mimi na Tamika. "Upesi basi, mmesimama kama nguzo, mwenzenu gari lake linaliwa."

Tukamnyanyua, mmoja huku mmoja huku, tukamvuta hadi nyuma ya mivinje asionekane, nami nikapiga kelele, "Pita! Pita sasa!" Desmond alikuwa ameshateremka mbio. Nilisikia mlango ukifungwa. Nilisikia injini ikikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena kwa sauti ya majimaji, ikanyamaza.

Mama alikuwa amesimama amenishikilia bega, amegeuza uso kwenye mti kwa heshima ili mkwe wake apite.

"Mbona haliji?" akauliza.

Nikachungulia kati ya miti.

"Noreen. Nimeondoka njiani. Mbona haliji?"

Tulipotazama tena, wimbi lilikuwa linaingia kwa dirisha moja na kutokea kwa lingine. Deli la barafu likaelea likitoka, na kolekole wake ndani. Desmond alirudi amelowa mpaka kifuani, mkononi ameshika redio inayochuruzika maji, akaiweka juu ya mchanga kwa uangalifu kana kwamba itapona. Hakulaumu mtu. Akanywa chai, akajaza chupa mbili za maji, akafunga viatu. Barabara kubwa iko mbali, na Jumapili magari hayapiti, lakini alisema atatembea, huenda akakutana na gari la walinzi wa mbuga. Mama akamtuma Tamika ampelekee mkate uliobaki, wote.

Tulingoja mchana kutwa. Tukalala. Nilikuwa nikiamka kila mara kusikiliza injini, na kila mara namkuta mama naye macho, anasikiliza.

Jumatatu alfajiri alinitaka nimchotee maji. Akanawa, akavaa gauni lake la kanisani, akaniambia nimfunge kamba za viatu. Begi alilifunga mwenyewe. Akakaa chini ya mvinje, begi mapajani, macho kwenye njia ambayo Desmond angetokea.

"Wakifika tu tunaondoka," akasema. "Sitaki mambo ya chai."

"Sawa, mama."

"Watanisubiri kidogo, au siyo? Mtu mgonjwa anasubiriwa."

Jua lilikuwa limepanda kimo cha miti tulipoisikia. Si gari. Ilitokea upande wa nyumbani, ndogo, nyeupe, ikapita juu yetu kuelekea magharibi. Tamika alikimbilia ufukweni akaivua fulana yake akaipunga, akaipunga, akipiga kelele. Mama alinyanyua uso akaisindikiza kwa macho mpaka haikuonekana, na mpaka sauti ilipokwisha.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo, mama."

Akalipapasa begi lake. Nikaona anajikaza, anatafuta la kusema la kunitia moyo mimi.

"Si kitu," akasema. "Kuna ya wiki ijayo. Safari hii nitalala hapo hapo kiwanjani, mkitaka mnifunge kamba. Nimeshasema nitakwenda, nitakwenda. Si inakuja kila wiki?"

Neno la nesi lilikuwa limenikaa kooni tangu Alhamisi, na wakati wa kulitoa ulikuwa ule. Nilimwangalia alivyonyoosha gauni lake, mtu mzima amejiandaa kuishi. Nikainama nimvue viatu, maana miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba zimezama kwenye nyama.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Inakuja kila wiki."